Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na mmoja nimegonga mihuri
kwenye hati za viwanja vya watu,
na jioni nikarudi Kikwajuni,
vyumba viwili vya kupanga.
Kinyozi hajinyoi, walisema wenzangu.
Nilicheka nao. Kodi nililipa peke yangu.

Sasa nimepewa kiinua mgongo,
na mgongo wenyewe hauinuki
bila kushika ukingo wa meza.

Bei zilivyopanda nazijua, nilizisoma vumbini.
Faili moja la Mbweni, karatasi za manjano:
bwana mmoja alikataa kiwanja, kaandika kwa mkono wake,
"Huku kuna kima na giza. Nipeni pengine."
Alipewa pengine.
Mwanawe alikuja mwaka juzi
kuniuliza kama barua ile inafutika.

Dalali wetu ni Mcha Vuai, kijana wa simu tatu,
zote zinaita. Hunena kwa vina:

    "Nunua huku Tunguu, bei yake bado chini,
    barabara ndiyo kuu, itapita mlangoni,
    bei ikipanda juu, utacheka mfukoni,
    nyanyua upesi guu, weka pesa mkononi!"

Mize, mke wangu, hakumjibu.
Alikwenda nyumba ya jirani, akapiga hodi,
akauliza: "Masika yaliyopita, maji yalifika wapi?"
Mwenyewe akaonyesha ukutani
mstari wa kahawia, kimo cha goti la mtoto.
Mcha akajitia kupokea simu.

Fumba tulioneshwa kwenye karatasi:
ghorofa, na mbele yake mti ambao haujapandwa,
kivuli chake kimeshatiwa kwenye bei.
Bei niliisoma mara mbili
nikidhani ni nambari ya simu.

Mpwa wangu Machano akasema, "Pwani, mjomba.
Mchanga hauna hasara."
Nikaenda Jambiani.
Mlinzi wa hoteli akaniuliza nimemfuata nani,
nami nimesimama
pale bibi yangu alipokuwa akifukia makumbi.
Thamani imepanda, naam.
Imepanda mpaka migongoni mwetu.

Usiku tukahesabu. Daftari ni lile la upatu.
Upande wa Mize: maji ya bomba yanatoka saa ngapi,
kituo cha afya kwa mguu dakika ngapi,
nani atasikia nikianguka bafuni.
Upande wangu: warithi wametia saini wote?
Maana nimebeba faili la ndugu saba na kiwanja kimoja,
na unene wake
ungetosha kujengea ukuta.

Basi ikawa Dole.
Udongo wa kinongo, unaganda kwenye viatu,
nyumba ya matofali iliyofika lenta, haina bati.
Muuzaji mwalimu, Bi Hidaya, anahamia Wete kwa bintiye.
Warithi sita, saini sita,
hata ya yule wa Maskati, ilikuja ndani ya bahasha
inayonuka udi.

"Hapa bei haitakimbia," Mcha alinionya,
safari hii bila vina.
"Hata mimi sikimbii," Mize akasema,
akaomba jembe kwa jirani.

Huenda nimekosea.
Huenda Tunguu itapaa, maji yatatafutiwa mtaro,
na binti yangu Salhina siku moja
atasimama dirishani kwa karani
kuuliza kama saini yangu inafutika.
Nilimwaza hivyo nikiwa kwenye foleni,
upande wa pili wa meza niliyoijua kila mkwaruzo.

Karani mpya, kijana, vidole laini,
akagonga hati yangu huku akiitazama saa.
Muhuri ukatoka nusu.

Gonga tena, nikamwambia.
Huo naujua.
Unataka mkono mzito.